Mwongozo kamili wa kutafuta asili ya jina: tumfuate Yohana kutoka Yerusalemu hadi Johannesburg

Andika jina lolote mtandaoni, ongeza maneno "maana yake", na majibu yatamiminika. Utaambiwa wenye jina hilo ni wapole, wana bahati siku ya Jumatano na hupendeza wakivaa buluu. Huo ni unajimu uliovishwa kanzu ya elimu. Maana ya jina hupatikana kwa kulifuata nyuma, lugha baada ya lugha, hadi mahali lilipokuwa neno la kawaida ambalo mtu wa sokoni angelielewa bila kufundishwa.

Kazi hiyo mtu yeyote anaiweza akiwa na kalamu, subira na simu. Nitaionyesha kwa jina Yohana, kwa sababu mitego yote ya fani hii imo ndani yake. Ukilimudu hilo, Yakobo, Mariamu au Elizabeti hayatakushinda.

Hatua ya kwanza: kusanya maumbo yote yaliyo karibu nawe

Kabla ya kugusa kitabu, andika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye cheti cha ubatizo, kwenye cheti cha shule, na kama bibi anavyolitamka. Usisahihishe chochote. Tofauti ya herufi moja, ambayo karani angeiona ni kosa, kwako ni ushahidi.

Kwa Yohana, hapa kwetu pekee utakusanya Yohana, Yohane, Johani, John, Joni, Yahya na Yahaya. Angalia herufi ya mwisho ya mawili ya kwanza. Wakatoliki wamezoea Yohane, ndiyo maana tulisema Papa Yohane Paulo wa Pili, wakati Waprotestanti waliolelewa na Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 husema Yohana. Si kanuni isiyo na tundu, kwani Biblia Habari Njema inayosomwa na pande zote mbili nayo imeandika Yohane. Lakini kama daftari la ukoo lina "Yohane" lililoandikwa kabla ya Uhuru, anza kuulizia parokiani.

Mgawanyiko kama huo umevuka mipaka. Katika Biblia ya Kiluganda utakutana na Yokaana, huku Wakatoliki wa Buganda wakisema Yowanna. Hata Wachina wamegawanyika: Waprotestanti humwita Yuehan, Wakatoliki Ruowang. Madagaska ni Jaona.

Kwa wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, tegemea kukuta mtu aliyeandikwa Jean kwenye kitambulisho na kuitwa jina jingine kabisa nyumbani. Na kama unamtafuta jamaa aliyezaliwa Zaire baada ya 1972, kumbuka kwamba mwaka huo Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akiacha Joseph-Désiré na kuwa Sese Seko. Marufuku ilidumu hadi 1990. Kukosekana kwa "Jean" kwenye karatasi za miaka hiyo hakumaanishi kwamba hakubatizwa kwa jina hilo.

Hatua ya pili: tafuta lugha ambamo jina lilikuwa sentensi

Majina mengi ya kale ya Mashariki ya Kati ni sentensi fupi. Ukishajua lugha, unaweza kuikata sentensi hiyo vipande.

Kwa jina la Biblia, chombo kinachofaa kuliko vyote ni konkodansi ya Strong, yaani faharasa ya maneno ya Biblia, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1890 na sasa inapatikana bure mtandaoni. Kila neno la Kiebrania na la Kigiriki lina nambari yake. Yohana wa Agano Jipya ni nambari 2491 upande wa Kigiriki, na umbo lake ni Ioannes. Hapo utaelekezwa kwenye nambari 3110 ya Kiebrania, Yohanan, na ukiifungua hiyo utaambiwa ni ufupisho wa nambari 3076, Yehohanan. Umefika kisimani.

Sasa kata. Sehemu ya kwanza, Yeho, ni jina la Mungu wa Israeli. Ya pili, hanan, ni kitenzi cha wakati uliopita: alifadhili, alionea huruma, alitenda kwa neema. Sentensi nzima inasema "Yahweh amefadhili". Kwa hiyo wanaoandika kwamba maana ya Yohana ni "neema" wamekaribia lakini wamempoteza mtendaji. Jina hili linatoa taarifa kuhusu alichofanya Mungu, na kwa kawaida taarifa hiyo ilihusu mtoto mwenyewe aliyepatikana.

Kwa jina la Kiarabu fanya vivyo hivyo, ila tumia kamusi iliyopangwa kwa mizizi, yaani zile konsonanti, kwa kawaida tatu, zinazobeba maana ya neno, kama ile ya Hans Wehr. (Hans ni Yohana pia. Tutafika huko.)

Hatua ya tatu: hakikisha maana kwa kuwauliza ndugu zake

Usiridhike na kamusi moja. Kama maana ni ya kweli, vipande vya jina vitaonekana katika majina mengine vikiwa na maana ileile. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Chukua kipande cha pili cha jina letu. Hana, mama yake nabii Samweli, ni neema kavu, bila jina la Mungu kuambatanishwa. Hanania, mmoja wa vijana watatu waliotupwa katika tanuru la moto katika kitabu cha Danieli, ni Yohana aliyegeuzwa: hanan imetangulia, jina la Mungu limekuja nyuma kwa umbo la -ya. Kwa maana, Yohana na Hanania ni jina moja. Na Anania wa Matendo ya Mitume ni huyo Hanania baada ya Wagiriki kumnyang'anya H.

Vuka bahari uende Kartago, katika Tunisia ya leo. Wakazi wake walizungumza lugha iliyo ndugu wa Kiebrania, lakini mungu wao alikuwa Baali. Jemadari wao aliyevuka milima ya Alps na tembo mwaka 218 kabla ya Kristo kwenda kuipiga Roma aliitwa Hannibal: hanan tena, na mkiani Baali. Mzizi ni uleule, mungu ndiye amebadilika.

Kisha ingia kwenye Kiarabu. Hanan ni huruma na upole, na ndilo jina la mabinti wengi wa pwani na wa Ghuba. Wazee wakiomba "Ya Hannan, ya Mannan" wanaita kwa mzizi huohuo. Na katika Sura Maryam, aya ya 13, Qurani inapomsifu Yahya inasema alipewa *hanan* kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Weka aya hiyo akilini, tutaihitaji.

Ushahidi huu unatosha. Kiebrania, lugha ya Kartago na Kiarabu, ambazo ni lugha za ukoo mmoja, zinakubaliana kuhusu kipande kimoja. Jina likikosa ndugu wa namna hii, andika maana yake kwa penseli.

Hatua ya nne: tambua mlango jina lilipotokea

Majina hubebwa na watu, na kila mbebaji huacha alama. Kwa Yohana, mlango mkubwa ulikuwa Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya. Wagiriki hawakuwa na H nzito ya kooni, ile ya "Hassan" inayotamkwa na Mwarabu, na majina ya kigeni ya wanaume mara nyingi waliyapa mkia wa kwao. Wakaitupa H, wakaongeza mkia wa -es. Yohanan akawa Ioannes.

Mkia huo ni kama muhuri wa forodha. Ukiiona S hiyo mwishoni mwa umbo la Yohana, mara nyingi jina limepitia kwa Wagiriki. Ethiopia wana Yohannes, jina alilolibeba Kaizari Yohannes wa Nne aliyetawala 1872 hadi 1889. Kige'ez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia, ni ya ukoo mmoja na Kiebrania na kingeweza kulipokea jina moja kwa moja, lakini ile S inashuhudia kwamba lilifika pamoja na vitabu vya Kigiriki. Armenia ni Hovhannes, nayo ina S. Linganisha na Kerala, kusini mwa India, ambako Wakristo wa kale huitwa Yohannan: N ya mwisho ipo, S haipo. Hao walilipata kupitia Kisiria, kilichokuwa lugha ya kanisa lao, bila kupita kwa Mgiriki. Herufi moja inatofautisha safari mbili.

Kutoka kwa Wagiriki jina liligawanyika njia mbili. Njia ya kaskazini ilikwenda kwa Waslavi pamoja na Kanisa la Kiorthodoksi: Ioannes, Ioan, halafu V ikaingia kuziba pengo kati ya irabu, akazaliwa Ivan wa Warusi na Jovan wa Waserbia. Njia ya magharibi ilipitia Kilatini, Iohannes, ikazaa Giovanni wa Italia, Juan wa Hispania, João wa Ureno na Jean wa Ufaransa. Wajerumani walipata Johannes, wakamfupisha mara mbili: waliokata mkia walibaki na Johann, waliokata kichwa walibaki na Hans. Waholanzi, Wapoland na Wacheki wana Jan, Wadenmaki Jens, Wahungaria János, Wafini Juhani na Hannu.

Waingereza walimpata John kutoka kwa Wafaransa wa Normandy. Waayalandi wanavutia zaidi, kwa sababu jina liliingia kwao mara mbili: kwanza kwa Kilatini cha watawa, likawa Eoin, baadaye kwa Kifaransa cha wavamizi, likawa Seán. Waskoti wana Iain, ambaye wengi humwandika Ian. Wales wana Ieuan na Ifan, ambao kwa Kiingereza waligeuka Evan, na mkoani Brittany, Ufaransa, ni Yann, na Yann mdogo huitwa Yannick.

Sasa tazama nyumba nyingi za Nairobi na Kampala. Kuna Ian, Ivan, Sean na Evans, kaka wanne waliopewa majina manne ili wasifanane. Wote ni Yohana. Mpenzi wa mpira naye anaweza kujaza nusu ya kikosi: John Terry, Jan Vertonghen, Ivan Rakitić, Juan Mata, João Félix, na Johan Cruyff kama kocha. Kwenye kikapu ampeleke Giannis Antetokounmpo, ambaye jina lake la kwanza ni Ioannes wa Wagiriki wa leo.

Hatua ya tano: usiiamini herufi J

Hapa ndipo watafiti wa nyumbani hukwama. Wanaona Yohana na John, wanadhani kuna mahali fulani Y iligeuka kuwa J. Sauti ilikuwa imeshabadilika zamani katika lugha kadhaa, lakini herufi J yenyewe ni mambo ya karatasi. Katika Kilatini, I na J zilikuwa herufi moja, J ikiwa tu I iliyovutwa mkia. Mwaka 1524 Mwitaliano Gian Giorgio Trissino alitetea kwamba zitenganishwe, na polepole Ulaya ikafuata. (Gian ni kifupi cha Giovanni. Akina Yohana wamejaa kila mahali.)

Nalo kila taifa huisoma J kivyake. Mjerumani huisoma Y, Mfaransa kwa sauti ya Z inayovutwa kuelekea SH, Mhispania kama KH ya "kheri", Mwingereza kama sisi tunavyosoma "jana". Kwa hiyo Johannes, Jean, Juan na John huanza na herufi moja lakini midomo minne tofauti.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limeacha safu mbili za majina. Biblia ya Kiswahili inafuata sauti ya kale: Yohana, Yakobo, Yeremia, Yona, Yoshua. Shule na ofisi za Kiingereza zilileta John, James, Jeremiah, Jonah, Joshua. Wamisionari wawili wa mwanzo wa Rabai, Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Johannes Rebmann aliyemfuata 1846, walikuwa Wajerumani wenye J katika majina yao wenyewe, na waliitamka Y.

Kanuni ya kazi ni hii: unapolinganisha majina, andika kwanza sauti kwa Kiswahili, kisha tahajia. Juan iandike "Khwan", Jean iandike "Zhan". Undugu uliofichwa na herufi utajitokeza, na ufanano wa uongo utajulikana.

Hatua ya sita: mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili

Yahya na Yohana ni jina moja? Swali hili huulizwa sana katika nyumba zenye Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na jibu la haraka la "ndiyo" halitoshi.

Mtu ni mmoja. Luka sura ya 1 na Sura Maryam zote zinasimulia mzee Zakaria aliyepewa mtoto uzeeni, na zote zinatilia mkazo kuitwa kwake jina. Kwa Luka, siku ya nane majirani walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, wakamwambia hakuna wa jamaa yake mwenye jina hilo, na baba aliyekuwa bubu akaomba kibao akaandika kwamba jina lake ni Yohana. Katika Qurani, aya ya 7, bishara yenyewe inakuja na jina: Yahya, na inaelezwa kwamba Mwenyezi Mungu hakumfanyia *samiyy* kabla yake. Wafasiri wengine wanalichukua neno hilo kuwa hakuna aliyepata kuitwa hivyo, wengine kuwa hakuna aliyefanana naye.

Lakini maneno ni mawili. Kwa sikio la Mwarabu, Yahya inatokana na mzizi wa uhai: "anaishi". Baadhi ya wafasiri huifungamanisha na tumbo la mama lililokuwa tasa likahuishwa. Wakristo wa Kiarabu wao humwita Yuhanna, lililo karibu kabisa na Kiebrania. Wataalamu wanabishana kuhusu uhusiano wa maumbo haya. Wapo wanaoonyesha kwamba yakiandikwa kwa hati ya kale isiyo na nukta, Yahya na Yuhanna huwa na mchoro uleule. Wapo wanaosema Yahya lilikuwa jina linalojitegemea tangu kabla ya Uislamu. Wamandayo wa Iraki, wanaomheshimu sana nabii huyu, hutumia yote mawili pamoja: Yahia Yuhana.

Ushauri wangu: ukiandika maana ya Yahya, andika "anaishi". Usimvike "Mungu amefadhili" kwa sababu tu Yohana ana maana hiyo. Kama unataka daraja kati ya majina haya mawili, daraja lipo katika ile aya ya 13, ambapo neno *hanan* limewekwa kando ya Yahya.

Bara tunasema Yahaya, kwa sababu ulimi wa Kibantu hupenda kupachika irabu kati ya konsonanti. Afrika Magharibi wamefika mbali zaidi, na mchezaji Yaya Touré ni Yahya. Hana uhusiano wowote na yaya anayelea watoto.

Hatua ya saba: pima mitego

Kufanana kwa sauti hakuthibitishi kitu. Chukua kila jina unalodhani ni la ukoo huu, lirudishe kwenye hatua ya pili, uone kama linafika kwenye Yehohanan. Haya ndiyo yanayowadanganya watu kwetu:

- Yona, na Jonas wa vyeti vya shule: kwa Kiebrania ni njiwa.
- Yonathani: Yeho ipo, lakini kitenzi ni "ametoa". Ndugu yake ni Nathani.
- Johari: ni Kiarabu, kito cha thamani.
- Jenifa: linatoka Gwenhwyfar la Wales, ambamo *gwen* ni nyeupe. Lakini Jane, Janeth, Joan na Joanna ni Yohana wa kike kweli. Ukimkuta "Jeni" tu, muulize kirefu chake kabla ya kuandika chochote.
- Joyce: ni jina la mtakatifu wa Brittany aliyeitwa Judoc. Furaha ya Kiingereza iliingia baadaye kwa kufanana sauti.
- Hanna: kwa Wakristo wa Lebanoni, Siria na Palestina hili ni jina la mwanamume, kifupi cha Yuhanna. Ukimwandikia barua "Bi. Hanna" utajibiwa na mzee mwenye masharubu.

Mtego ninaoupenda zaidi uko baharini kwetu. Mabaharia wa Kiingereza waliopita Visiwa vya Ngazija waliita kisiwa cha Nzwani "Johanna", na ramani zao za zamani zimejaa jina hilo. Mtu angeapa kwamba kuna malkia au mtakatifu aliyehusika. Hakuna. Waliposikia Hinzuani, jina la wenyeji, masikio yao yalitafuta kitu walichokizoea. Umbo la Wafaransa, Anjouan, nalo limetoka hapohapo. Lakini shuka kusini kidogo, kwenye mlango bahari wa Msumbiji, kuna kisiwa kidogo cha Juan de Nova, na hicho kweli ni cha Yohana: kilipewa jina la nahodha João da Nova aliyewatumikia Wareno.

Hatua ya nane: tenganisha maana ya neno na sababu ya kuitwa

Jina lina maana yake ya asili, na wewe una sababu yako ya kuitwa hivyo. Mara nyingi mambo haya mawili hayajuani. Mtoto aliyeitwa Yohana kwa kuwa alizaliwa tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa Yohana Mbatizaji, au 27 Desemba, sikukuu ya Yohana Mtume, hakupewa jina kwa ajili ya kitenzi cha Kiebrania. Aliyerithi jina la babu amepewa babu.

Mfano mzuri ni Jomo Kenyatta. Alizaliwa akiwa Kamau wa Ngengi. Alipokaribia kubatizwa katika misheni ya Kiskoti mwaka 1914 alitaka kuitwa John Peter. Wamisionari walimwambia achague moja. Petro kwa Kigiriki ni jiwe, na jiwe kwa Kiingereza ni *stone*. Akachagua Johnstone, akapata mitume wote wawili ndani ya jina moja. Sasa ukiifungua kamusi ya majina ya ukoo, utakuta Johnstone ni jina la Uskoti lenye maana ya makazi au kitongoji cha John, halina jiwe lolote. Nani ana haki? Kwenye karatasi yako andika yote mawili, kila moja mahali pake: asili ya neno ni kitongoji, sababu ya mhusika ni jiwe.

Sababu haziko vitabuni. Ziulize kwa wazee, na uliza vizuri. Ukisema "Babu, jina langu lina maana gani?" atakutungia maana kwa heshima yako. Sema badala yake: "Babu, nani mwingine aliitwa hivi kabla yangu?" na "Nani alichagua, na kulikuwa na nini siku hizo?" Hapo utasikia habari za padri, ukame, ugomvi wa mawifi, na jirani mmoja aliyekopesha pesa ya hospitali.

Hatua ya tisa: fuata jina likigeuka kuwa ukoo na mji

Hatua hii ni fupi. Lugha nyingi za Ulaya huunda jina la ukoo kwa kusema "mwana wa", kama sisi tulivyokuwa na "bin". Kwa hiyo Johnson, Jones, Evans, Johansson, Jensen, Hansen, Janssens, Ivanov, Ioannou, Hovhannisyan, na hata Ibáñez na Yáñez wa Hispania, wote ni watoto wa Yohana fulani. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 ilitayarishwa chini ya Frederick Johnson, na kabla yake, mwaka 1882, ilitoka ile ya Johann Krapf. Yohana na mwana wa Yohana.

Kwa miji, tahadhari moja. San Juan na St. John's ni za mtakatifu. Johannesburg, ulioanzishwa mwaka 1886 baada ya dhahabu kugunduliwa, ni wa maofisa wa serikali ya Makaburu, na kwa kuwa zaidi ya mmoja wao alikuwa na jina Johannes, hadi leo watu wanabishana ni yupi. Usimalize ubishi huo kwa kubahatisha.

Hatua ya kumi: andika, kisha uamue

Weka matokeo kwenye ukurasa mmoja wenye mistari michache: umbo la nyumbani, umbo la cheti, lugha ya asili, vipande na maana yake, njia lililopitia, ndugu zake, sababu ya kuitwa, na nani aliyekusimulia. Mstari wa mwisho usiuache, kwa sababu miaka ishirini baadaye ndio utakaobishaniwa.

Kama lengo lako ni kumpa mtoto jina, ukurasa huo utakusaidia kuchagua umbo. Mambo matatu ya kuangalia kabla hujaenda kumsajili. Kwanza, jinsia nje ya nchi: Yohana ni mwanamume kwetu, lakini Johanna ni mwanamke Ujerumani na Uholanzi, na kijana wetu akienda kusoma huko atapokea barua za kumwita bibi. Yohannes au John hayana usumbufu huo. Pili, tahajia moja kila mahali. Anayeitwa Yohana kwenye cheti cha kuzaliwa, John kwenye cheti cha kidato cha nne na Johani kwenye kitambulisho ataishia kwa wakili akiapa kwamba watu hao watatu ni yeye. Tatu, kama mna upande wa Kiislamu na wa Kikristo katika familia, Yahya na Yohana zinaweza kukaa kwa watoto wawili wa mashangazi tofauti bila mtu kulalamika kwamba jina limerudiwa.

Kama unataka zoezi la kwanza la peke yako, chukua Yakobo. Anzia hapa: waraka wa Agano Jipya ambao Waswahili huuita wa Yakobo, Waingereza huuita wa James. Tafuta B ilivyogeuka kuwa M, kisha nenda Hispania umtafute mtakatifu aliyefichwa ndani ya jina la mji mkuu wa Chile.